Sauti ya Jioni

Shuleni walimwita Redio, na jina lilimkaa hivi kwamba mwalimu wa hesabu aliwahi kuliandika juu ya karatasi yake ya majibu kabla ya kushtuka na kulifuta. Msichana huyo aliitwa hivyo kwa sababu ukimwomba stesheni yoyote alikupatia: mwalimu mkuu akikohoa kabla ya kutangaza adhabu, mpishi akigombana na sufuria, mlinzi wa getini akijitetea kwa mkewe kwenye simu. Siku moja alijibanza nyuma ya ukuta wa vyoo akasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Kila mtu darasani, sasa hivi," na uwanja mzima ukamwagikia madarasani, mwalimu wa zamu akiwemo.

Alipofika kidato cha tatu alichagua maigizo na muziki. Baba yake mdogo, aliyekuwa dereva wa lori na mtu wa maneno mengi, aliposikia alitikisa kichwa.

"Unasomea kuimba? Mbona jogoo anaimba na hajawahi kukaa darasani?"

Mama yake Redio alikuwa akikunja nguo, hakuinua uso. "Jogoo ana wimbo mmoja tangu azaliwe, shemeji. Mwache mtoto ajifunze wa pili."

Masomo hayo yalifanyikia kwenye karakana ya zamani ya useremala, nyuma ya maabara. Meza za maseremala zilikuwa zimeunganishwa kuwa jukwaa, na pazia lilishonwa kwa mashuka yaliyochakaa ya bwenini. Vumbi la mbao lilikuwa halijaisha miaka yote hiyo. Ukiimba kwa nguvu ulilisikia kooni. Kulikuwa na kinanda chenye vibonye viwili vilivyokufa, na mwalimu wa muziki, mzee mnene aliyepiga mdundo kwa vidole juu ya chochote kilichokuwa karibu, vichwa vya wanafunzi vikiwemo, alikuwa amezoea kuviruka kama mtu anavyoruka ngazi mbovu ya nyumbani kwake.

Mwalimu wa maigizo alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya raba, kwa hiyo hukumsikia akija. Alimsikiliza Redio akiwaiga walimu wote, darasa likiwa hoi kwa kicheko, kisha akasema, "Wewe ni mwizi hodari. Unaingia kwa mtu, unabeba koti lake, unatoka. Lakini hujawahi kukaa sebuleni kwake ukamsikiliza."

Redio hakuelewa, ila maneno yale yalimkera, na lililomkera alilifanyia kazi.

Zoezi lililomshinda lilikuwa la simu. Mwanafunzi anapanda jukwaani na simu isiyo na mtu upande wa pili, anaongea, anasikiliza, anajibu, na wanaotazama wanapaswa kumwamini huyo asiyekuwepo. Kila mara mwalimu alimkatisha palepale.

"Mtu wako hayupo."

"Nilimwachia nafasi ya kujibu, mwalimu."

"Ulimwachia nafasi kama unayemwachia mgeni kiti. Watu hawaongei hivyo. Huyo mtu wako hajakukatiza hata mara moja. Mtu akikatizwa, pumzi yake inagonga ukuta. Hiyo haiigizwi kirahisi. Mimi mwenyewe nimeisikia jukwaani mara chache mno."

Nyumbani walikuwa watatu: Redio, mama yake, na bibi mzaa baba. Mama alifanya kazi kiwanda cha mikate. Aliondoka kabla ya mapambazuko na kurudi jioni, unga umemkaa kwenye nyusi. Bibi alikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, kitandani. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na miguu ilikuwa imekataa. Asubuhi jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama mmoja aliyefuga kuku, alikuwa akipita kumpa uji na kumgeuza.

Baba yake Redio alikuwa fundi wa friji na mashine za barafu. Umeme ulimchukua akiwa kazini, kwenye chumba cha baridi cha machinjio, na tangu hapo nyumba ile haikuwa na mwanamume. Bibi aliambiwa siku ileile. Alilia mpaka sauti ikakauka. Lakini kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuvuja, na baada ya muda akauliza mwanawe yuko wapi. Wakamwambia. Akalia upya, kilio kilekile cha siku ya kwanza. Akauliza tena, wakamwambia tena. Kila alipoambiwa msiba ulikuwa mpya, na mama akawa anatoka chumbani humo akishika kuta. Mwishowe mama alisema, "Basi. Akiuliza, yuko kazini." Ikawa hivyo. Baba akawa kazini, hakurudi, na bibi akaanza kukataa chakula akimsubiri.

Mwalimu wa muziki ndiye aliyelianzisha jambo lenyewe, bila kujua. Aliwapa kazi ya kufanya nyumbani: kila mtu achague sauti moja ya nyumbani kwao, atafute inasimama kwenye noti gani, inapanda wapi, inapumzika wapi. "Sauti ya mtu si unene wala wembamba," alisema. "Ni mwendo. Mtu anatembea kwa sauti yake kama anavyotembea kwa miguu."

Redio alichagua ya baba. Alikuwa nayo kichwani bado, na aliogopa isije ikamtoroka. Jioni ile alisimama jikoni peke yake, mama hajarudi. Alijaribu mara kadhaa ikatoka sauti ya msichana anayejitia unene. Kisha akakumbuka kwamba baba alikuwa akiongea na skrubu midomoni, mikono ikiwa na kazi, na hata mikono ilipokuwa mitupu maneno yake yalibaki na umbo hilo, yamebanwa upande mmoja. Akafungua droo, akatoa skrubu, akaibana kati ya midomo, akateremsha kidevu.

"Haya, wazee wa nyumba hii," akasema. Ndivyo baba alivyokuwa akisema kila aliporudi.

Ilitoka nzima. Alishtuka mwenyewe, akageuka kama aliyeguswa bega.

Kutoka chumba cha mwisho bibi akaita, "Umerudi, mwanangu?"

Redio alisimama, skrubu mdomoni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, ni mimi, bibi. Bibi akaita tena, sauti ikitetemeka kidogo mwishoni.

"Nimerudi, mama," Redio akasema.

"Umekula?"

"Bado. Nitakula na wewe."

Jioni ile bibi alikula sahani nzima, akilishwa gizani na mjukuu aliyezungumza kama marehemu. Redio hakuwasha taa. Alijiambia bibi haoni, taa ya nini; lakini ukweli ni kwamba hakutaka kuiona mikono yake mwenyewe ikishika kijiko huku sauti ile ikitoka.

Mama alirudi akawakuta. Alisimama koridoni, mfuko wa mikate mkononi, akasikia mumewe akicheka chumbani. Redio alipotoka alimkuta kakaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakumkemea. Aliinuka, akanawa mikono muda mrefu, akiusugua unga ambao ulikuwa umeshatoka.

"Amekula?" akauliza.

"Amemaliza."

Mama akafunga bomba. "Kesho ufanye tena."

Ikawa kazi ya kila jioni. Redio alirudi kutoka shule, akavua sare, akachukua skrubu, akaingia. Bibi alinenepa kidogo mashavuni. Wakaongea mambo ya friji za watu, ya mvua, ya mbuzi fulani aliyekula shuka zamani. Mama naye akaanza kurudi mapema. Alivua kandambili mlangoni ili asisikike, akasimama koridoni nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, na Redio alijua yupo kwa sababu harufu ya hamira ilimtangulia.

Jioni moja, bibi akiwa amesinzia, mama alinong'ona kupitia ule upenyo, "Mwambie baba yako nimebadilisha kufuli la nyuma."

Redio alingoja aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Vizuri," akasema kwa sauti ya baba. "Lile la zamani lilikuwa linakwama."

Nyuma ya mlango mama akavuta pumzi ndefu, akaenda zake jikoni. Redio alibaki amekaa. Lile kufuli kweli lilikuwa linakwama, ila yeye hakukumbuka kama alilijua hilo kabla ya kulisema.

Wiki chache baadaye, mwalimu wa maigizo alipokuwa akiita majina, Redio aliitikia kwa sauti ya mwanamume mzima. Darasa lilicheka, wakidhani ni stesheni mpya. Mwalimu hakucheka. Baada ya kipindi alimbakiza.

"Yule ni nani?"

"Baba yangu."

"Niliambiwa baba yako alifariki."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akakaa ukingoni mwa jukwaa, akapigapiga mbao kando yake kumwashiria akae. Redio akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza akichezea uzi uliokuwa umechomoka kwenye pazia.

"Sikulaumu," akasema. "Lakini mwigizaji akivaa lazima avue. Ukitoka chumbani humo, nani anakuvua?"

"Hakuna."

"Basi jivue mwenyewe. Nawa uso. Taja jina lako, lile ulilopewa na mama yako, si hili la Redio. Na utoke kwa mlango mwingine."

"Chumba kina mlango mmoja."

"Basi nawa uso mara mbili," mwalimu akasema, akajaribu kutabasamu, tabasamu likakataa.

Redio alifuata maagizo na ikamsaidia. Lakini jioni moja, alipoaga kwa sauti ile, bibi alimshika mkono.

"Mbona jioni una haraka hivi? Asubuhi huwa unakaa."

Aliyachukulia kuwa maneno ya uzee. Hata jirani wa kuku aliposema, "Mzee wenu siku hizi hana upweke, nikipita asubuhi namsikia anapiga soga," Redio aliitikia tu, akachukua mayai aliyotumwa.

Kisha ikaja siku ambayo bomba la shule lilipasuka na wanafunzi wakarudishwa nyumbani kabla ya kipindi cha kwanza. Redio aliingia kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa kazini. Jua lilikuwa limejaa jikoni, vyombo vya uji vimeoshwa na kupangwa. Jirani alikuwa ameshapita. Alikuwa anaweka mfuko mezani aliposikia bibi akiongea.

"Sasa wewe ulimwambiaje?" bibi aliuliza. Kimya. "Hapana, bwana, huyo alikuwa mkubwa kuliko ha—" Akanyamaza. Kisha akacheka. "Haya, haya. Nimekubali. Lakini yule mbuzi hakuwa wa—" Kimya tena, kirefu zaidi. "Kweli. Nilisahau."

Redio aliganda. Kwa muda wote ule wa zoezi la simu alikuwa amejifunza jambo moja tu, nalo ni namna mtu anavyosikika anapoongea peke yake. Alilisikiliza lile "ha" lililokatwa. Pumzi ya bibi ilikuwa imegonga ukuta. Hakukuwa na mpango ndani yake, wala kungoja. Alikuwa amekatizwa na mtu asiye na subira, mtu aliyezoea kumkatiza.

Akasogea koridoni, akigusa ukuta. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Ndani bibi alisema, "Haya, anza wewe."

Kimya kifupi. Kisha bibi akaanza kuimba bila maneno, kwa midomo iliyofungwa. Redio aliujua ule wimbo. Baba aliuimba katika kazi zake zote. Ila bibi hakuimba wimbo wenyewe. Aliimba sauti ya pili, ile inayotembea chini ya wimbo, inayongoja pale wimbo unapokimbia na kuusaidia unapopanda. Mwalimu wa muziki alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba sauti ya pili ni yatima: bila ya kwanza haijui isimame wapi. Ya bibi ilijua. Ilingoja palipostahili, ikaingia palipostahili.

Katikati bibi akakoma. "Umepanda mno. Unaniua. Shusha."

Akangoja. Akaanza tena, noti moja chini zaidi, bila kupapasa, kama mtu anayeketi kwenye kiti alichovutiwa.

Redio hakujua alisukumaje mlango. Chumba kilikuwa kama kilivyokuwa siku zote: kitanda, dirisha, kiti chenye nguo, chupa ya mafuta ya kuchua. Hilo ndilo lililomsimamisha nywele, kwamba hakukuwa na kitu hata kimoja cha kutazama.

Bibi aligeuza uso kuelekea mlangoni. "Nani?"

"Ni mimi, bibi." Alisema kwa sauti yake.

"Ah. Wewe ni wa jioni."

Redio akasogea, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Usione haya, mjukuu wangu. Unafanya vizuri. Mwanzoni uliniweza kabisa, nikala ile sahani nikiwa na furaha ya kweli. Ila skrubu unaing'ata mno. Baba yako hakuwa akiing'ata, alikuwa akiishika tu."

"Bibi, kama ulijua… mbona ulikuwa unaniitikia?"

"Si kwa ajili yangu." Bibi alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wake. "Kwa ajili ya mama yako. Namsikia akipumua nyuma ya mlango. Siku za kwanza alipumua kama anayebeba gunia. Sasa hivi analitua kidogo. Nikasema, kama mtoto anaigiza na mimi niigize, kitanipunguzia nini?"

"Na asubuhi?"

"Asubuhi haigizi mtu," bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizwa njia ya kwenda dukani. "Nipe maji. Kuimba kumenikausha."

Mchana ule Redio alirudi shuleni, ijapokuwa hakukuwa na masomo, kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani. Mwalimu wa maigizo alikuwa karakana akikusanya maji yaliyotapakaa hadi chini ya jukwaa. Redio akamsimulia. Mwalimu aliendelea kusukuma maji kwa fagio mpaka aliposikia habari ya kukatizwa. Hapo akasimama.

"Katikati ya neno?"

"Katikati ya neno, mwalimu. Mara mbili."

"Na pumzi?"

"Iligonga."

Mwalimu aliegemeza fagio ukutani polepole, akatazama lile jukwaa tupu. "Basi mimi sijui," akasema. "Ningekudanganya kama ningesema najua."

Jioni Redio aliingia kwa bibi bila skrubu. Alikaa kitandani, akawasha taa, akaanza kumlisha kimyakimya. Harufu ya hamira ilifika koridoni, ikasimama. Muda ukapita bila sauti iliyotarajiwa. Hatimaye bibi alitema mfupa mdogo mkononi, akasema kwa nguvu, "Mkwe wangu, ingia. Mlango ni wa kupitia."

Mama aliingia akiwa amevaa aproni ya kiwandani. Alisimama miguuni pa kitanda kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mwanangu amekufa," bibi akamwambia. "Kuna siku nasahau na kuna siku najua. Leo najua. Kaa."

Mama akakaa, akaanza kulia, kilio cha chini kisichokuwa na haraka, ambacho Redio hakuwahi kukisikia tangu msiba. Bibi alimwacha alie. Alipotulia bibi akamweleza na yale ya asubuhi, kwa kifupi, kama habari ya mgeni aliyepita wakati wenyewe hawapo.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Ya kawaida. Ananiuliza kama nimekula. Ananibishia."

"Kuhusu mimi je?"

Bibi alifikiri. "Anasema unafanya kazi mno. Lakini hilo hata mimi ningelisema."

Mama aliomba abadilishiwe zamu, akakaa asubuhi nzima kwenye kile kiti chenye nguo, mikono mapajani. Bibi alilala usingizi mzito kuanzia uji mpaka mchana. Alipoamka na kumkuta mkwewe pale, alisikitika kidogo. "Mtu haviziwi," akasema tu. Mama hakurudia.

Bibi aliishi mpaka mwisho wa muhula. Alifariki asubuhi, nyumba ikiwa tupu. Jirani wa kuku alisema alimsikia akiimba, akasimama uani kumsikiliza na ndoo ya pumba mkononi, na wimbo ulipokoma akadhani kapitiwa na usingizi. Redio alitaka sana kumuuliza alisikia sauti ngapi. Alifungua mdomo, akamtazama yule mama mwenye macho mekundu na ndoo yake, akamwomba tu amsaidie kufungua madirisha.

Baada ya maziko, watu walipokwisha kutawanyika, mama alikaa jikoni akizungusha kikombe kisichokuwa na kitu.

"Mara moja tu," akasema. "Sitakuomba tena."

Redio akatoa skrubu kwenye droo, akaibana midomoni, akateremsha kidevu. "Haya, wazee wa nyumba hii," akasema, na ilikuwa sauti ya msichana anayejitia unene. Akajaribu tena, na tena. Mwalimu mkuu alikuwepo, mpishi, mlinzi, wote walikuja alipowaita. Baba hakuja. Mwendo wake wote ulikuwa umefutika, kana kwamba mtu amepita nyuma yake akifagia.

"Haipo, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Uso wake haukuanguka kama Redio alivyohofia. "Nilidhani," akasema. "Wameondoka pamoja."

Mtihani wa mwisho wa maigizo Redio aliufanya kwa sauti yake mwenyewe, iliyotetemeka mwanzoni kisha ikakaa. Mwalimu wa muziki alimpigia kinanda akiviruka vile vibonye viwili. Alipata daraja la kati, si zaidi, na baba mdogo alisema jogoo naye asingepata zaidi ya hapo, lakini alikuja na lori lake kumchukua na kumpigia honi njia nzima.

Sasa Redio ni mwigizaji wa vipindi vya redioni, jambo ambalo wenzake wa zamani wanalicheka kila wakikutana. Anaigiza bibi vizee, watoto watukutu, wanasiasa, mara moja aliwahi kuwa paka. Kiwandani mama na wenzake hufungulia kipindi chake sauti ikishindana na mashine za kukandia, na mama huwaambia nani ni nani. Sauti za wanaume haigizi. Mtayarishaji alimuuliza sababu, akamjibu kwamba koo lake halitaki. Mtayarishaji akaandika jina la mtu mwingine, wakaendelea na kazi.